Rejista Namba 417

Nimechoka kusimulia nusu nusu. Mmoja wenu pale kwenye mashine ya kukoboa amesikia kwamba nilikwenda Lusaka nikakamatwa. Mwingine amesikia nimenunua stempu ya dhahabu. Juzi kanisani mama mmoja akaniuliza kama ni kweli nimemnunua baba yangu mnadani. Huyo wa mwisho ndiye aliyekaribia.

Basi nimekaa chini nimeandika mwenyewe. Mwanangu Neema, ambaye ni mwalimu, alitaka anisahihishie. Nikamwambia weka kalamu chini. Mimi niliishia darasa la pili, lakini yale maghala mawili ya maharage pale Tunduma sikujengewa na mtu mwenye cheti. Habari za pasi na vibali siandiki, mnazijua.

Namba kwanza, safari baadaye

Watoto wengine hujifunza kuhesabu kuanzia moja. Mimi namba ya kwanza kuijua ilikuwa mia nne kumi na saba.

Baba alikuwa mkimbiza barua, enzi za Mwingereza, kabla magari hayajachukua kazi hiyo. Mfuko mgongoni, mkuki mkononi, beji ya shaba kifuani. Alitoka mpakani akakimbia hadi bomani, kwenye mji ambao siutaji, maana wajukuu wa karani wa barua bado wanaishi pale na ni watu wema. Na kulikuwa na desturi. Mtu akipata barua wiki hii, wiki ijayo anamsubiri baba kando ya njia na kibuyu cha togwa. Baba alikuwa akisema barua haijafika mpaka aliyeileta amekunywa.

Sasa kulikuwa na binti wa Ihanda, jina lake Eliza, mumewe yuko machimboni Luanshya. Mume akamtumia barua ya rejista, ndani ameweka nauli ili mke amfuate. Rejista namba 417. Haikumfikia. Mume akaona kimya, akalalamika, maofisi yakaandikiana. Karani wa bomani akasimama mbele ya bwana shauri akasema, barua hiyo haikufika mezani kwangu, muulizeni mwenye mfuko. Baba akaapa kwamba aliikabidhi mkononi, akataja na siku. Nani amsikilize? Wakamvua beji, wakamchapa, wakamfunga. Majibu yalipomfikia yule mume mwaka ulikuwa umepita, na mwaka mmoja machimboni ni mwanamke mwingine.

Baba alipotoka, kila alipopita Ihanda kwenda kutafuta kibarua kwenye kahawa, akina mama waliingiza vibuyu ndani. Nilikuwa natembea nyuma yake, nimeona kwa macho yangu. Mimi nikaitwa mtoto wa mwizi wa barua. Amekufa akiitaja ile namba kama mtu anayetaja jina la mtoto aliyepotea.

Ndiyo maana nilipopata hela kidogo nikaanza kununua bahasha za zamani. Mlinicheka. Mlisema Silwimba anakusanya stempu kama Mzungu. Stempu sikuwa na shida nazo, ingawa nilijifunza mambo yake. Nilijifunza kwamba hairowekwi ikabanduliwa. Stempu iliyobanduliwa ni kama jino lililong'oka: unajua ni jino, hujui lilikuwa linacheka na nani. Mali ni bahasha nzima, na mihuri yake, mbele na nyuma, maana mihuri ndiyo inayosema barua ilipita wapi na siku gani. Nilinunua misheni, nilinunua kwa wajane, nilinunua kwenye duka la Mhindi wa Mbeya aliyekuwa anafunga. Miaka thelathini. Sanduku langu la bati likajaa, mia nne kumi na saba haimo.

Halafu ikaja orodha ya mnada kutoka Lusaka. Neema akawa ananisomea huku anachambua mboga, sauti ile ile kama anasoma bei ya sabuni. "Fungu la sitini na mbili. Barua ya rejista, kutoka Luanshya, namba 417. Mhuri wa kupokelewa upo nyuma."

"Soma tena."

Akasoma tena. Halafu akaacha mboga.

Mhuri wa kupokelewa, kwa asiyejua, hupigwa na karani kwa mkono wake mwenyewe, barua ikishafika mezani kwake.

Tunduma hadi Nakonde

Kutoka ghala langu hadi Nakonde ni mwendo wa kumaliza kipande kimoja cha muwa. Tulitumia siku moja na nusu. Lori lilikuwa la rafiki yangu wa upande wa pili, limebeba mchele wa Kamsamba, na dereva alikuwa Chanda, Mbemba mwenye mwanya na maneno mengi. Foleni ilikuwa imelala njia nzima kama chatu aliyemeza mbuzi.

Joto la mwezi wa tisa, vumbi, kelele za wabadili fedha, kila kitu kikawa kinaelea mbele ya macho yangu. Nimeishi mpakani maisha yangu yote, lakini siku ile niliuona kama mtu anayeangalia chini ya maji. Watu wanavuka na magunia kichwani, midomo inakwenda, sisikii. Nikawa nafikiri baba alipita hapa hapa, kabla ya kamba, kabla ya geti.

Chanda akanigutua, akiniita mudala, yaani mzee, kama desturi ya kule. "Mudala, hebu nieleze vizuri. Unakwenda Lusaka kununua barua?"

"Ndiyo."

"Umeandikiwa wewe?"

"Hapana. Ameandikiwa mwanamke mwingine."

"Ehe! Sasa tunaelewana." Akacheka mpaka akapiga usukani. "Ndani kuna maneno matamu?"

"Ndani hakuna kitu. Ni bahasha tupu."

Akanitazama juu mpaka chini. Kisha akasogea kidogo mlangoni kwake. "Mudala, mimi nimeokoka. Kama ni dawa, uniambie mapema nikushushe."

Nilimweleza habari ya baba tangu mwanzo hadi mwisho. Foleni ilikuwa na nafasi ya kutosha.

Nakonde hadi Mpika

Mnaosema Zambia ni karibu hamjapita ile barabara. Ni msitu, halafu msitu. Mwezi ule miti inatoa majani mekundu kabla ya mvua, basi unapita katikati ya moto usiounguza, saa baada ya saa, na lori linaimba wimbo mmoja. Nilikuwa nasinzia macho wazi. Mchana kweupe nikamwona baba anakimbia kando ya barabara, mfuko mgongoni, hatua zake hazigusi vumbi. Hakunitazama. Lori liliongeza mwendo, naye akaongeza. Sikuogopa. Nilitamani tu ageuke nimwambie, punguza, mzee, safari hii mfuko nimebeba mimi.

Kati ya Isoka na Mpika springi ikakatika. Chanda akapanda gari lingine kwenda kutafuta nyingine, mimi nikabaki na mchele. Siku mbili. Kulikuwa na nyumba tatu na mwanamke mmoja mtu mzima ambaye nilimwita Bamayo, mama, kama heshima ya kule inavyotaka. Nilimsalimia kwa kuchutama na kupiga makofi taratibu, naye akafurahi, maana na wao ndivyo wanavyosalimu. Akanilisha ugali na ifinkubala, wale viwavi wa kukaushwa. Watu wa pwani wakiwaona hukimbia. Mimi nilikula nikaomba tena. Akasema, "Watanzania mnajua kula. Tatizo vile viazi vya porini vya chikanda mnavyotuletea vina mchanga."

"Mchanga mnautia nyinyi mkishanunua, ili mseme ni wetu."

Alicheka akajifuta machozi na kitenge.

Sasa, Chanda kabla hajaondoka alikuwa amemwambia kwamba mimi ni mtu wa barua. Yeye akaelewa anavyoelewa. Siku ya pili akaja na bahasha, haina stempu, akanipokeza kwa mikono miwili. Ni ya mwanawe anayeuza matairi soko moja la Lusaka. "Bashikulu, babu yangu, kwa kuwa ndiyo kazi yako." Nilitaka kumwambia mimi ni mfanyabiashara mwenye maghala mawili. Mdomo ukakataa. Miaka thelathini nilikuwa nimenunua barua za watu, sikuwahi kubeba hata moja. Niliipokea. Na kabla hata sijaiweka mfukoni akaniletea kibuyu cha munkoyo, kile kinywaji chao cha mizizi, cha baridi, kitamu kama usingizi wa asubuhi.

Chanda aliporudi na springi alinikuta nimelala kivulini, barua ya mtu kifuani.

Lusaka, siku ya kutazama

Tulifika na vumbi masikioni. Kwanza nilikwenda sokoni, nikamtafuta muuza matairi, nikamkabidhi. Alisoma akiwa amesimama, akakaa juu ya tairi, akasoma tena. Akasema njoo keshokutwa, nitakuwa na majibu. Nikaenda ukumbini.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa kukodi, feni inazunguka polepole, meza ndefu zimetandikwa vitambaa vya kijani. Watu wanatembea kimya kama wako msibani. Bahasha zimelala ndani ya nailoni, na kila moja ina kikaratasi cha namba ya fungu. Hakuna anayesukumana, hakuna anayepiga kelele. Nilivua kofia bila kuambiwa.

Fungu la sitini na mbili lilikuwa meza ya dirishani.

Bahasha ndogo, rangi ya chai ya maziwa. Stempu mbili za mfalme. Kikaratasi cha rejista, na namba. Nilikuwa nimeiwaza namba ile maisha yangu yote ikiwa kubwa kama mlango. Kumbe inatosha kufunikwa na ukucha. Nikaigeuza. Mhuri wa bomani upo, duara lake limekatika upande wa kushoto kama mihuri yote ya ofisi ile, na ndani ya duara tarehe. Ni siku ile ile aliyoapia baba.

Alifikisha. Karani aliipokea, akaipigia mhuri kwa mazoea ya mkono, kisha ndipo tamaa ikamwingia. Nauli akala. Bahasha yenye mhuri wake alitakiwa aichome, lakini Wazungu wa kahawa walikuwa wananunua stempu, akashindwa kuzichoma. Hivyo ndivyo ninavyoona mimi.

Sikulia. Nilikuwa nimekauka tu, ukumbi wote umekuwa kama picha ya ukutani. Na hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao hauwezi kufanywa na mtu yeyote isipokuwa mfanyabiashara wa Tunduma.

Sauti pembeni yangu ikasema, "Mudala, unaionaje hiyo?"

Alikuwa mama mnene, miwani imefungwa kamba, lenzi mkononi. Baadaye nilijua anaitwa Mama Mutale, amestaafu posta, na mihuri anaijua kuliko watoto wake. Wakati ule niliona jambo moja tu: anaitaka.

Nyinyi mnajua kwetu. Maharage unayoyataka huyasifii. Unayatafuna, unatema, unasema yameliwa na wadudu. Mwenye maharage anajua unadanganya, wewe unajua kwamba anajua, na hiyo ndiyo salamu ya biashara. Ukisema mazuri umekwisha. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, mdomo unakwenda wenyewe.

"Hiyo?" nikasema, nikaitupa mezani. "Mhuri wa nyuma umepigwa juzi. Mimi nimekulia kule kule, mihuri ya ofisi ile nimeijua kabla sijajua kusoma. Huo ni wa uongo. Barua hii haikufika."

Akanitazama juu ya miwani. "Una hakika, mudala?"

"Kama jina langu."

Alishukuru kwa heshima zote, akaondoka. Nikajisifu moyoni kwamba nimemfukuza. Nikala samaki, nikalala vizuri.

Lusaka, siku ya mnada

Mnadi alikuwa kijana wa suti, sauti laini, nyundo ndogo ya mti. Anataja fungu, mikono inapanda kimya kimya, nyundo inagonga. Hamsini na tisa. Sitini. Sitini na moja. Nilishika kofia kwa mikono miwili.

"Fungu la sitini na mbili limeondolewa," akasema. "Mzee anayetoka sehemu ile ametilia shaka mhuri. Litarudishwa kwa mwenyewe. Sitini na tatu."

Nikamwona Mama Mutale safu ya mbele, ametulia. Hakuwa amefukuzwa na maneno yangu. Alikuwa ameyaamini, akayafikisha kwa mnadi. Kule kumbe mtu akisema mhuri ni wa uongo, wanamsikiliza. Hawamwambii ongeza bei.

Niliyasikia maneno yangu yakinirudia: barua hii haikufika. Ni maneno ya karani! Neno kwa neno, yale aliyosema barazani baba akiwa amesimama na beji yake. Nusu karne nimemchukia mtu yule, halafu nimesafiri hadi Lusaka kumpigia ushahidi.

Nikasimama. "Simamisha nyundo."

"Mzee, kaa tafadhali, tupo sitini na tatu."

"Rudi sitini na mbili. Mhuri ule ni wa kweli. Aliyesema ni wa uongo ni mimi, na mimi ndiye mwongo."

Feni ikazunguka. Watu wote wakageuka. Nilikuwa nasema Kibemba changu cha kuuzia maharage, mbele ya watu wenye tai.

Mnadi akaweka nyundo chini. "Mzee, ulisema uongo jana, au unasema leo?"

"Jana."

"Kwa nini?"

Nyinyi mnanijua. Sijawahi kumwomba mtu radhi kwa kusimama, hata kwa mke wangu huwa nanunua kitenge tu. Lakini siku ile nilisema yote. Nilisema kwetu mali unayoitaka unaitukana. Nilisema baba alikuwa mwenye mfuko ule, na kwamba alichapwa mbele yangu kwa ajili ya bahasha hii, nami nikaitwa mtoto wa mwizi. Nilisema mhuri huo ndio shahidi pekee aliyebaki duniani, na jana nimemwita shahidi wa baba yangu mwongo ili nimpate kwa bei nafuu.

Mnadi akasema polepole, "Maneno peke yake hayatoshi, mzee. Na ya jana yalikuwa maneno."

Hapo nikashukuru zile hela mlizosema nazitupa. Nilifungua lile sanduku langu la bati, nililokuja nalo kutoka nyumbani, nikatoa bahasha tatu za kawaida za ofisi ile ile, za miaka ile ile, nikampelekea Mama Mutale mwenyewe. "Wewe unajua. Tazama duara, upande wa kushoto."

Alivaa miwani vizuri. Akatazama ya kwanza, akatazama ya pili na ya tatu. Akaomba ile ya fungu la sitini na mbili iletwe. Alitumia muda, ukumbi mzima unasubiri, mimi nimesimama katikati kama mbuzi aliyeingia kanisani. Mwishowe akashusha lenzi.

"Pengo ni lile lile," akasema. "Mhuri ni wa kweli. Tena sijaona uliopigwa vizuri kama huu." Kisha akanigeukia. "Na wewe mudala, umri wote huo! Ningekuwa mama yako ningekuchapa."

"Ungekuwa mama yangu nisingesema uongo."

Watu wakacheka, hewa ikarudi. Mnadi akaenda pembeni kuongea na mwenye mali, akarudi, akalisimamisha fungu. Nilidhani kwa hadithi ile watanionea huruma. Wapi! Bahasha ilikuwa imeingia asubuhi haina mtu, sasa ina baba, ina viboko, ina mtoto. Mikono minne ilipanda. Miwili ikashuka. Ukabaki wangu na wa Mama Mutale.

"Mama, si umesikia?" nikamwambia.

"Nimesikia, na pole. Lakini sikuja hapa kutoa sadaka." Akanyanyua tena.

Bei siandiki, mke wangu anajua kusoma. Niseme tu kwamba lile friji kubwa la samaki mliloambiwa linakuja kutoka Lusaka, haliji. Nyundo iligonga kwangu. Mama Mutale alinipa mkono, mkono wa moto.

"Siku ukifa," akasema, "watoto wako waniite mimi kwanza."

Kurudi

Nilipitia sokoni nikachukua majibu ya muuza matairi. Nikawa na barua mbili, moja imejaa na moja tupu, zote kifuani. Msitu ulikuwa mwekundu zaidi. Safari hii sikumwona baba kando ya barabara, na nilimtafuta sana. Chanda hakusema neno mpaka Mpika, jambo ambalo sijawahi kulisikia kwa dereva.

Tulipokaribia zile nyumba tatu nikamwona Bamayo kando ya barabara, na kibuyu. Siku ya kurudi hatukumwambia. Chanda akamuuliza, umejuaje kwamba tunapita leo?

"Sikujua. Nimekuja tangu juzi."

Alichukua barua ya mwanawe akaiweka kifuani, ndani ya nguo, akanishikisha kibuyu kwanza. Nilikunywa. Nilikuwa nimepanga bahasha yangu nikaitie kwenye fremu ya kioo sebuleni, na taa juu yake, na kila mmoja wenu aje asimame aone. Nilipomrudishia kibuyu, mpango ule ulikuwa umekwisha. Barua niliyobeba haikuandikwa jina langu.

Tunduma hadi Ihanda, kwa miguu

Mlioniona asubuhi ile na fimbo mkasema Silwimba gari lake limekufa, gari lilikuwa zima. Nilitaka kwenda alivyokwenda baba. Ukungu ulikuwa umeshuka, malori yanapita taa zikiwaka, mimi natembea pembeni. Miguu yangu haina tena mbio, nilifika jua likiwa limeshapinduka.

Bibi Eliza yupo. Macho hayaoni vizuri, anakaa mlangoni na mjukuu wake anachambua kahawa. Hakuwahi kuolewa tena. Nilipojitaja jina akakaza uso, mkono ukaanza kutafuta fimbo.

"Mtoto wa yule."

"Ndiye. Bibi, nimeleta barua yako."

Nilichutama, nikapiga makofi, nikampa kwa mikono miwili. Aliipapasa. Akapitisha kidole juu ya stempu, juu ya kingo. Akatia kidole ndani, akakuta hakuna kitu, akakitoa taratibu.

Nikamweleza mhuri. Mjukuu akasoma tarehe kwa sauti. Bibi hakuuliza habari ya nauli. Hakuuliza habari ya karani. Aliuliza, "Mbele pameandikwa nini?"

"Jina lako, bibi."

"Ameandika lote?"

"Lote. Eliza, na jina la baba yako, na Ihanda."

"Mwandiko wake ukoje?"

Mjukuu akafikiri. "Umelala upande, bibi. Kama alikuwa na haraka."

Alikaa nayo mapajani. Kuku wakapita. Sijui ni muda gani, mchana ule ulikuwa umesimama, ukungu na jua pamoja, na mimi nimechutama mpaka magoti yakalia. Kisha akainua uso, akatazama upande niliko, si mimi hasa, bali nyuma yangu kidogo, kama mtu mwingine amesimama pale akivuta pumzi.

"Nenda ndani," akamwambia mjukuu. "Kalete kibuyu. Umpe togwa mleta barua."

Nilikunywa yote. Ilikuwa imeanza kuchachuka.

Sasa mnaokuja nyumbani kila jioni mkitaka niwaonyeshe ile bahasha, mkitaka na watoto wenu waione namba: sinayo. Imefika.